Mwalimu Umejuaje

Kwetu mjini Iwo, ukimwambia mtu wa rika fulani kwamba leo mvua itanyesha, atakuuliza, "Umejuaje?" kisha atacheka peke yake. Usidhani ana kasoro. Huyo alipitia darasa la nne kwa Mwalimu Sidikatu, na hakuna aliyepita pale akatoka bila swali hilo kumganda ulimini. Watoto wenyewe walimbandika jina, Mwalimu Umejuaje, naye alilijua, na alijifanya halijui.

Alikuwa mfupi, mnene wa haja, na kilemba chake hakikukaa kichwani hata angekifunga kwa kamba. Darasani hakuketi. Alizunguka kati ya madawati akiwagusa watoto mabega, na kila aliyejibu, awe amepata au amekosa, aliulizwa amejuaje. Aliyepata akashindwa kueleza alikaa chini na aibu kubwa kuliko aliyekosa akaeleza vizuri. Wazazi wengine walinung'unika kwamba mwanamke huyu anawafundisha watoto ubishi, na kusema kweli walikuwa na haki. Mtoto wa darasa la nne ukimwambia kuwa chungu kimevunjwa na paka, alikwenda kwanza kutafuta alama za miguu ya paka.

Kitabu cha sayansi kilikuwa na maneno marefu, na mwalimu aliyemtangulia alikuwa akiyaandika tu ubaoni, watoto wakayakariri na kuyasahau siku hiyo hiyo. Sidikatu alikataa mchezo huo. Neno lililoandikwa ubaoni Ijumaa lilikuwa limeshikwa kwa mikono tangu Jumatatu. Alipofundisha mvuke alileta jiko na sufuria ya moin-moin, zile kunde za kusaga zinazofungwa kwenye majani, akawaambia watoto waweke viganja juu ya mfuniko, wapige yowe, kisha waeleze kilichowaunguza ni nini ilhali moto uko chini. Ushahidi wote uliliwa kabla ya kengele kulia. Wiki ya msuguano, mtoto mmoja aitwaye Saka alimwambia baba yake, mwendesha pikipiki, kwamba breki zake zimeishiwa msuguano. Baba alimfokea, halafu akapita kwa fundi kimyakimya. Fundi alipofungua gurudumu akatikisa kichwa. Kesho yake yule baba alileta shuleni ndizi za kuchoma, akamkabidhi mwalimu bila kusema za nini.

Hesabu ndiyo usiseme. Lugha yetu huhesabu kwa kupunguza: arobaini na tano kwetu ni sitini, toa kumi, toa tano. Basi mtoto akilia kwamba kutoa ni kugumu, Sidikatu alimshika sikio taratibu. "Wewe kila ukitaja arobaini na tano umeshatoa mara mbili kabla hujafunga mdomo. Sasa unanililia nini?"

Kitu kimoja tu hakikuhesabiwa, nacho ni watu. Watoto wa mtu hawahesabiwi. Ukimwuliza mama wa Iwo ana watoto wangapi atakwambia ni wa Mungu, au atakuuliza na wewe una meno mangapi. Anayewanyooshea watoto kidole mmoja mmoja anakionyesha kifo pa kuchagua. Sidikatu alilelewa humo. Alikuwa na cheti cha ualimu kwenye sanduku, lakini kidole chake hakikuwahi kumnyookea mtoto.

Siku alipowapeleka wanafunzi bwawani, alimpa kila mmoja punje ya hindi la kuchoma mlangoni mwa shule, akazikusanya waliporudi. Punje moja ikakosekana. Walimu waliacha chai yao wakakimbilia bwawani, wavuvi wa huko wakaombwa wapige mbizi, na Sidikatu alikuwa ameshavua viatu aingie majini mwenyewe na mwili wake wote ule, ndipo Saka aliposema kwa sauti ndogo kwamba njia ilikuwa ndefu na njaa ilimshika. Mwalimu aliketi vumbini akacheka na kulia kwa pamoja. Ijumaa hiyo neno la ubaoni lilikuwa dalili. Aliwaambia kwamba punje ikipotea, kilichopotea ni punje. Dalili si jambo lenyewe, inakuelekeza tu pa kuanza kutafuta.

Katika darasa hilo alikuwamo Modinatu. Mama yake alifanya biashara ya vitambaa Ibadani na alionekana Iwo sikukuu kwa sikukuu, kwa hiyo msichana alilelewa na bibi yake, yule tuliyemwita Iya Ologi kwa sababu alipika na kuuza ogi, uji wa mahindi yaliyochachushwa. Modinatu mwenyewe alimwita Iya Agba, yaani bibi. Modinatu hakuwa mtoto wa makelele. Wiki ya mashapo alikuja na chupa ya maji ya bibi yake yenye unga uliotuama chini, akaeleza kwa nini unga uko chini na maji yako juu, kisha kabla mwalimu hajafungua mdomo akajiuliza mwenyewe amejuaje, na akajijibu. Jioni hiyo Sidikatu alimwambia mumewe kwamba sasa anaweza kuzeeka kwa raha, mrithi wake amemwona.

Halafu yeye mwenyewe akaharibu.

Lilikuwa zoezi la kawaida: nyumba yenu inakula unga wa muhogo kiasi gani kwa wiki? Ili kupata jibu ulihitaji kujua mnaokula ni wangapi, na kwa kuwa watu hawahesabiwi, watoto walitakiwa kubaini kwa njia nyingine, kwa bakuli, kwa mikeka, kwa ndala za mlangoni. Modinatu alihesabu bakuli. Lakini unga wa nyumba yao ulikuwa mwingi kupita bakuli zile, na Sidikatu, aliyekuwa na haraka siku hiyo, alimwambia mbele ya wenzake, "Hesabu yako haisimami. Huo mwingine wanakula panya? Rudi ukaangalie tena." Darasa lilicheka. Angetulia kidogo tu angekumbuka kwamba katika nyumba nyingi za kwetu wadogo hula pamoja katika sinia moja. Hakukumbuka. Na Modinatu hakuwa amezoea kuchekwa.

Jioni hiyo aliwapanga watoto wote wa ua ule ukutani, ndugu zake na wa shangazi, akaanza kuwahesabu kwa kidole. Alikuwa amefika kwa Kamoru, kaka yake mdogo, Iya Ologi alipoingia kutoka sokoni na sinia kichwani. Sinia lilianguka. Bibi hakumpiga wala hakumkaripia. Alikishika kile kidole, akakikunja ndani ya kiganja, akakaa amekibana hivyo mpaka mtoto akaanza kulia.

Siku chache baadaye Kamoru alitoka vipele mwili mzima. Surua. Modinatu hakuonekana tena shuleni.

Sidikatu alikwenda. Alipiga magoti uani kama ipasavyo, akampa Iya Ologi pole ya kazi, pole ya jua, pole ya mgonjwa. Bibi alimpokea vizuri mno, na hapo ndipo moyo ulipomshuka, maana adabu ya namna hiyo watu humpa mtu wasiyetaka arudi. Alipewa ogi iliyoganda ndani ya jani, akala. Waliongea bei ya mahindi, wakaongea mvua. Modinatu alikuwa pembeni akichuja mahindi yaliyosagwa, na alichuja kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameubana kwapani.

Mwalimu aliuliza kama mkono umeumia.

"Haujaumia," alisema Iya Ologi. "Anauhifadhi. Mwalimu, nakuheshimu. Yale mliyomfundisha nakurudishia yote, sijabakiza hata neno. Mtoto nabaki naye."

Sidikatu alimtazama msichana. Msichana alitazama chini. Baadaye jirani alimwambia kwamba hata akitumwa kuuza ogi barabarani, Modinatu huwaambia wateja wajichukulie wenyewe waache pesa, kwa sababu hataki kuhesabu chochote.

Hilo lilimuuma kuliko yote. Mtoto kukosa shule ni jambo baya, lakini mtoto huyu alikuwa anaamini anamuua kaka yake, na aliyemtuma kuhesabu upya ni yeye Sidikatu, kwa kicheko cha darasa zima. Mwalimu mkuu alimshauri aachane nayo, wanafunzi wapo tele. Alimjibu vibaya, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mumewe akasema waende na bwana afya, amweleze yule mama kuhusu vijidudu. Sidikatu alimwambia kwamba Iya Ologi ameanza kulea watoto bwana afya huyo akiwa bado hajazaliwa. Na alipokuwa peke yake akiosha vyombo, alijikuta anajiuliza kama huenda ni kweli kidole huua. Cheti kilichokuwa sandukuni hakikumsaidia. Alisimama pale mikono ikiwa na povu, akaona haya, kwa maana katika habari hii yote alikuwa amesikitika, amegombana, amepiga magoti, lakini swali lake mwenyewe hakuwa amemuuliza mtu yeyote.

Ijumaa baada ya sala alirudi. Kamoru alikuwa ameketi mkekani, ngozi inambanduka, anakunywa ogi kwa kijiko. Hatari ilikuwa imepita, lakini mkono wa Modinatu ulikuwa bado kwapani, na Iya Ologi alisema ni dawa zake na dua zilizomrudisha mtoto, wala kidole kisijaribiwe tena. Safari hii Sidikatu hakubishana. Alivuta kigoda, akashika ncha mbili za kitambaa cha kuchujia, akasaidia. Walichuja muda mrefu. Kisha akasema:

"Mama, naomba nimuulize mtoto jambo moja. Akishindwa kunijibu naondoka, na hapa sirudi tena."

"Uliza," alisema Iya Ologi. "Mlango unaujua."

Sidikatu alijua anachokiweka rehani. Alimgeukia msichana, akasema polepole.

"Modinatu. Jioni ile, ulipomfikia Kamoru, alikuwa amesimamaje?"

Maji ya mahindi yalidondoka ndani ya karai. Mwalimu alikuwa ameanza kuiachia ile ncha ya kitambaa.

"Hakusimama," alisema Modinatu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuitumia. "Wengine walisimama. Yeye nilimwegemeza ukutani, akakaa."

"Kwa nini?"

"Alikuwa analialia. Macho yake mekundu. Nikajua ni moshi."

"Moshi wa nini?"

Msichana alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Alitazama mafiga yaliyokuwa pale uani, akamtazama bibi yake. Sidikatu alimwona akifikiri, na alilazimika kuuma mdomo asimsaidie.

"Hapakuwa na moshi," alisema Modinatu. "Iya Agba alikuwa bado sokoni. Moto ulikuwa haujawashwa." Kisha maneno yakamjia kwa haraka. "Na asubuhi alikataa ogi. Ile ya kwake niliinywa mimi. Na mafua alikuwa nayo, nilimpangusa."

"Basi kipi kilitangulia?"

"Ugonjwa." Mkono ulikuwa umetoka kwapani bila mwenyewe kujua. "Ugonjwa ulikuwapo. Mimi nilikuja baadaye."

Sidikatu alidhani amemaliza. Lakini Iya Ologi aliendelea kukamua kitambaa, tone kwa tone, uso wake haukubadilika.

"Maneno mazuri," alisema. "Kweli unajua kazi yako, mwalimu. Ila mimi haya sikuhadithiwa. Mimi nilihesabu."

Akawaeleza, macho yake kwenye karai. Ulikuwa mwaka wa sensa, mama yake Modinatu akiwa bado ananyonya. Karani alikuja uani na kofia yake ya jua, akauliza watoto wa nyumba hii wangapi. Wanawake wengine walimzungusha, mmoja baada ya mwingine. Lakini yeye alikuwa kijana, mwenye majivuno, amezaa mfululizo na wote wazima, na wake wenza walikuwa wanasikiliza. Akawaita wanawe wakaja, akawapanga kwa kimo, akamwonyesha karani kwa kidole mpaka wa mwisho. Karani alimsifu. Upepo wa kiangazi ulipoanza, surua ikaingia, ikamchukulia watatu.

Hakulia aliposema hayo. Aliyasema kama mtu anayetaja bei aliyoilipa zamani. Sidikatu aliendelea kushika kitambaa.

"Iya Agba," alisema Modinatu, "umejuaje?"

Mwalimu aligutuka akanyoosha mkono amzibe mdomo. Kuna maswali ambayo mtoto hamuulizi bibi yake, na hilo, kwa mama aliyezika watoto watatu, lilikuwa la kwanza katika hayo. Alitamani wakati huo kwamba asingewahi kumfundisha mtoto wa mtu chochote. Lakini Iya Ologi aliinua kiganja kumzuia.

"Mwache. Nimejuaje nini?"

"Kwamba ni kidole." Msichana alikuwa amepiga magoti, sauti imeshuka, lakini hakurudi nyuma. "Yule jirani aliyetia vitambaa rangi, Iya Alaro. Yeye alimhesabia karani?"

"Iya Alaro? Alimwambia watoto ni wa Mungu, akamuulize Mungu." Bibi karibu atabasamu. "Alikuwa na mdomo yule."

"Surua ilifika kwake?"

"Ilifika. Ilimchukulia wawili, pacha wake."

"Na wale wa nyumba ya nyuma, ya muuza chumvi?"

"Hao walimficha karani watoto wote ghalani, akakuta ua mtupu." Iya Ologi aliacha kukamua. "Waliwazika pia. Mwaka ule kila ua ulizika. Wachimba makaburi walikuwa..."

Hakumalizia. Kitambaa kilimteleza mkononi kikaanguka ndani ya karai, na hakuna aliyekiokota. Kamoru aligonga kijiko kwenye kikombe akitaka kingine, akaona hapewi, akanyamaza. Sidikatu alimtazama yule mama akiyapitia tena yale mazishi, ua kwa ua, mtaa kwa mtaa, akiyatazama kwa mara ya kwanza yakiwa pamoja, baada ya miaka mingi ya kutazama ya kwake peke yake. Alimwonea huruma.

"Hawakuhesabu," alisema Iya Ologi. "Hawakuhesabu, na walizika."

"Ndiyo, Iya Agba."

"Mimi nimekaa na kidole hiki tangu siku ile. Hata harusi za wanangu sikunyoosha mkono kuonyesha mtu."

Modinatu alimsogelea akamkumbatia magotini, na bibi akamwekea kichwani mkono uliojaa maji ya mahindi, yakamtiririka msichana shingoni, hakuna aliyejali. Baadaye Iya Ologi alimgeukia mwalimu. Sauti yake ya kufanyia biashara ilikuwa imerudi.

"Kesho ni Jumamosi. Jumatatu atakuja. Lakini hawa wadogo wa hapa uani msiwahesabu, mwalimu, wala kwa bakuli, wala kwa ndala. Mnisikie. Mila ni mila."

"Tumesikia, mama," alisema Sidikatu, na alimaanisha.

"Wangu mimi nitawahesabu mwenyewe."

Alipangusa mkono kwenye kanga yake, akaukunjua, akautazama kidogo. Kisha akaanza kukunja vidole, jina kwa kidole. Yekini. Nosiru. Lasisi. Safuratu. Mkono wa kwanza ukajaa, akaingia wa pili. Alipofika kwa Risikatu, ambaye ndiye mama yake Modinatu, aliishia hapo.

"Saba," alisema. "Nilizaa saba."

Majina matatu kati ya hayo Modinatu hakuwahi kuyasikia katika nyumba ile. Aliyarudia taratibu kama alivyozoea kufanya darasani, akikunja vidole vyake mwenyewe: Yekini, Nosiru, Safuratu, Lasisi...

"La," alisema bibi yake. "Lasisi alimtangulia Safuratu. Anza tena."

Akaanza tena.